Mji Unapopanda Kijijini: Maswali ya Wasomaji wa Kusini

Barua nyingi zilizofika Dawati la Ardhi na Makazi safari hii zimetoka Mtwara na Lindi. Wanaoandika ni watu ambao juzi walikuwa na shamba, leo wanaambiwa wana "eneo". Palipo na mambo mengi tumejibu kwa kirefu, palipo na jibu moja tumelitoa tukapita. Sheria tumezitaja kwa majina na sura zake ili msomaji azitaje hivyo hivyo akiwa mbele ya dirisha la ofisi.

*Shikamooni. Kijiji chetu kiko juu ya uwanda wa Makonde, ndani ya Halmashauri ya Mji Newala. Wengine wanasema sisi sasa ni mjini, mkutano mkuu wa kijiji hauna tena kauli juu ya ardhi. Wengine wanasema bado ni kijiji. Nani mkweli?*
— Mkulima, Newala

Marahaba. Wote wanaweza kuwa na sehemu ya ukweli, maana hapo yamechanganywa mambo matatu.

La kwanza ni mpaka wa halmashauri. Kuwa ndani ya Halmashauri ya Mji ni suala la utawala chini ya TAMISEMI, na halmashauri za mji zinaweza kuwa na vijiji kamili ndani yake. La pili ni hadhi ya eneo lenyewe: ni kijiji kilichosajiliwa, au ni mtaa? La tatu ni kama eneo limetangazwa kuwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Hilo ni la Wizara ya Ardhi, na hutoka kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo usiulize "sisi ni mjini?" Muulize mtendaji wako maswali matatu kwa maandishi: usajili wa kijiji chetu bado upo au umefutwa, tumetangazwa eneo la upangaji kwa Tangazo la Serikali namba ngapi, ramani iliyoambatana na tangazo hilo inapita wapi. Ramani ndiyo yenye siri. Mstari unaweza kukata kijiji vipande viwili, vitongoji vya barabarani vikawa ndani na vya bondeni vikabaki nje.

Tofauti inaonekana kwenye kauli. Kijiji kikiwa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura 114) inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu ndio wenye idhini. Ili ardhi ya kijiji ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, Rais ndiye mwenye mamlaka hayo, tangazo hutolewa gazetini na nakala hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri wa Ardhi huamua. Kijiji kikishageuka mtaa, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa hata pande la kujenga kibanda. Ardhi inasimamiwa na halmashauri ya mji pamoja na ofisi ya Kamishna wa Ardhi, na mkutano wa mtaa unabaki wa kupokea taarifa na kutoa maoni.

Haki ya mtu mmoja mmoja haifi kwa sababu mstari umehamishwa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia. Kinachokufa ni sauti ya pamoja. Ndiyo maana tunawasisitizia watu wa Newala, Nanyamba na Masasi: kama bado mko kijiji, malizeni karatasi zenu sasa. Anzeni na cheti cha ardhi ya kijiji, ambacho hakitoki kama mipaka na vijiji jirani haijakubaliwa. Halafu mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaopitishwa na mkutano mkuu. Halafu hati za hakimiliki ya kimila kwa kaya. Ukianza na hati za kaya kabla ya kumaliza ugomvi wa mpaka wa kijiji, hati zitakazoangukia upande wa pili wa mpaka zitakuwa karatasi za kugombania.

Mpangaji wa mji akikuta kijiji chenye mpango uliopitishwa na kusajiliwa, anaanzia hapo. Akikuta kijiji kisicho na kitu, anaanzia kwenye picha ya setilaiti, na picha haijui makaburi yako wapi.

*Tumeambiwa kampuni ya upangaji inakuja kijijini "kushirikisha wananchi". Mwaka jana kijiji cha jirani walishirikishwa saa moja tu, wakasaini mahudhurio, baadaye wakaona barabara imepita katikati ya uwanja wa jando. Tujiandaeje?*
— Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wilaya ya Masasi

Kushirikishwa kwa saa moja kunatokea pale ambapo mgeni ndiye anayekuja na ramani na mwenyeji anakuja na masikio. Geuzeni hilo: mgeni akifika akute ramani yenu mezani.

Kazi inataka kama wiki mbili, si mfululizo. Mkutano wa kwanza fanyeni chini ya mwembe, kwenye mchanga. Chora barabara kuu kwa mti, weka korosho kwa nyumba, majani kwa misitu, majivu kwa njia za maji. Wanawake wafanye yao peke yao kabla ya kukutana na wanaume, kwa sababu njia za kwenda kisimani, vyanzo vinavyokauka Septemba na sehemu za unyago hazitajwi kwenye kikao cha pamoja. Vijana wa bodaboda wana ramani yao kichwani pia: wao ndio wanaojua barabara ipi haipitiki masika. Ikishakamilika, nakili kwenye karatasi kubwa.

Kisha tembeeni. Watu wachache wanatosha: mzee mmoja wa kila kitongoji kinachopitiwa, mwanamke anayechota maji huko, kijana mwenye simu yenye GPS, na mwandishi mwenye daftari. Chukueni nukta kwenye vitu ambavyo mpangaji hatavijua: makaburi (hata yasiyojengewa), uwanja wa jando na unyago, visima, mifereji ya maji ya mvua, njia za mifugo kama zipo, ghala na uwanja wa mnada wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), shamba la shule, na miti mikubwa inayotumika kama mpaka wa ukoo. Kwa njia za maji, nendeni Februari au Machi mvua ikiwa inanyesha. Kiangazi kila bonde linaonekana kiwanja kizuri.

Hapa kuna kosa moja la kitaalamu ambalo limeshagombanisha watu wengi. Simu husoma mahali kwa mfumo wa WGS84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta ya simu ikiwekwa kwenye ramani ya namna hiyo bila kubadilishwa, inahama kama mita 300. Makaburi yanajikuta kwa jirani na jirani anajikuta makaburini. Kwa hiyo juu ya kila orodha ya nukta andikeni: "WGS84, UTM kanda ya 37 Kusini". Simu ya kawaida ina makosa ya mita tatu hadi kumi kwenye uwazi, na huzidi chini ya mikorosho iliyofungamana, hivyo simama nukta moja dakika mbili tatu kabla ya kuandika. Orodha hiyo haichukui nafasi ya upimaji wa mpimaji aliyesajiliwa. Ni ushahidi kwamba mlisema.

Siku ya wageni, ombeni mambo haya bila haya: ramani ya msingi yenye mistari ya mwinuko, si picha ya juu tupu; barabara kubwa zilizopendekezwa zikiwa zimechorwa kwa rangi tofauti na zilizopo; mahali pa shule, zahanati, soko, makaburi mapya na dampo; na mkataba unaoonyesha kampuni inalipwa na nani na kwa nini. Kama inalipwa kwa idadi ya viwanja, itabana barabara na maeneo ya wazi ili viwanja viongezeke. Hatusemi ni wezi. Hesabu yao ndiyo inavyowaelekeza.

Mahudhurio na muhtasari ni karatasi mbili. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi tupu imeshatumika mara nyingi kama ushahidi wa kukubali. Juu ya kila ukurasa andikeni kwa mkono "Mahudhurio tu, si ridhaa ya mpango", kisha muhtasari uandikwe pale pale, usomwe kwa sauti, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji. Nakala moja ipelekwe masjala ya halmashauri na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Rasimu ya mpango ikitolewa kwa umma, tangazo litataja muda wa kupokea mapingamizi, na pingamizi lililoambatana na muhtasari wenye mhuri huwa na uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Na chagueni msimu. Mkutano ukiitishwa Oktoba au Novemba, watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Akidi haitimii, na wanaokuja ni wasio na shamba. Kataeni tarehe hiyo kwa barua, pendekezeni nyingine.

*Mpimaji ameniambia nichangie ardhi kwa ajili ya barabara, halafu kampuni ichukue asilimia 40 kama malipo ya kupima. Nina eka tatu. Nitabaki na viwanja vingapi?*
— Mwenye shamba, Nanyamba

Itategemea asilimia 40 ni ya nini, na hapo ndipo wengi huumia.

Eka tatu ni kama mita za mraba 12,141. Tuchukue barabara na maeneo ya wazi vinakula asilimia 30, yaani 3,642. Zinabaki 8,499. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500, hivyo unapata viwanja 16 na kipande. Kampuni ikichukua asilimia 40 ya viwanja hivyo, inaondoka na sita na wewe unabaki na kumi.

Sasa soma mkataba uleule ukiwa umeandikwa "asilimia 40 ya eneo". Kampuni inachukua kwanza 4,856 kutoka eneo zima, yaani zaidi ya viwanja tisa. Kwako zinabaki 7,285, na barabara zote zinatoka humo: 7,285 kutoa 3,642 ni 3,643. Viwanja saba. Neno moja limekula viwanja vitatu.

Mkataba useme: asilimia ya viwanja vilivyobaki baada ya barabara na huduma za umma, viwanja vya kampuni vichaguliwe kwa zamu, kimoja wewe kimoja wao, ili wasichukue vyote vya barabarani, na kampuni isiuze kiwanja chochote kabla ramani ya upimaji haijaidhinishwa na kusajiliwa. Bikoni, yaani vigingi vya mpaka, zilizofukiwa ardhini bila ramani iliyoidhinishwa ni zege tu.

Jambo jingine: barabara isiangukie kwa jirani mmoja. Majirani watatu wenye eka moja moja wakiunganisha mashamba, kila mmoja anatoa sehemu ileile na kupata viwanja kwa uwiano wa alichoingiza. Wasipoungana, wa katikati anageuzwa kuwa njia. Barabara ya ndani tunashauri isipungue mita sita kwa upana, na zile za kukusanyia magari ziwe pana zaidi. Vichochoro vya mita mbili vinaokoa viwanja viwili leo, halafu gari la zimamoto na la kunyonya maji taka linaishia nje milele.

*Mikorosho yangu iko ndani ya eneo linalochukuliwa kwa stendi. Mthamini amekuja mara moja, akahesabu akaondoka. Nitajuaje kama nimehesabiwa vizuri? Na fidia inajumuisha nini hasa?*
— Mzee wa mikorosho, Tandahimba

Mzee wetu, anza na hesabu ya miti. Shamba lililopandwa mita 12 kwa 12 lina mikorosho kama 28 kwa eka, au 69 kwa hekta. Mashamba mengi ya zamani hayana mistari, hivyo hapo usitumie kanuni, hesabu. Chukua rangi ya mafuta nyeupe, andika namba kwenye shina la kila mti, piga picha ya kila mti ukionekana na namba yake, na uandike kwenye daftari: mche, mchanga, unaozaa, mzee. Mthamini hutoa thamani kwa hali ya mti. Mkorosho unaozaa ukiandikwa "mzee" bei hushuka, na kwa kuwa uthamini hufanyika wakati wowote wa mwaka, mti uliopukutisha majani au ulioshambuliwa na ugonjwa wa ubwiri unga unaweza kuonekana umechoka. Stakabadhi zako za AMCOS hazibadilishi bei ya mti, lakini zinathibitisha kwamba shamba ni lako na linazaa. Ziambatanishe.

Kuanzia siku mtakapotangaziwa kwamba eneo linafanyiwa uthamini, usipande miche mipya ukitegemea fidia, haitahesabiwa. Wala usikate mti kwa hasira. Uliza kwa barua kama unaruhusiwa kuokota msimu unaokuja, na jibu liwe la maandishi.

Kanuni za tathmini ya fidia za 2001, zilizotungwa chini ya sheria za ardhi za 1999, zinataja mafungu haya. Thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko pamoja na maendelezo, yaani nyumba na mazao. Posho ya usumbufu: thamani hiyo ikizidishwa kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana ya miezi 12, kwa mfano riba ikiwa asilimia 8 na thamani milioni 20, posho ni shilingi 1,600,000. Posho ya makazi, yaani kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara 36. Kodi ikiwa 50,000, ni 1,800,000. Posho ya usafiri, gharama ya kusafirisha tani 12 kwa kilomita 20. Na kwa mwenye duka, mgahawa au mashine, faida halisi ya mwezi mara 36.

Shamba lisilokaliwa na mtu halipati posho ya makazi wala ya usafiri, kwa hiyo usishtuke mafungu hayo yakiwa matupu kama ulikuwa unalala kwingine. Shtuka kama ulikuwa unalala humo.

Makaburi yana sheria yake, ya kuhamisha makaburi ya 1969. Yaorodheshwe peke yake, na familia ishiriki mahali pa kuzika upya. Wathamini huyasahau pasipo na msalaba wala tofali.

Jedwali la fidia lazima liidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kabla ya kusaini, linganisha mistari na daftari lako. Sahihi ya kwanza, ile ya siku ya kuhesabiwa, inathibitisha idadi tu, hivyo nayo uipatie nakala au picha. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu kuidhinishwa, sheria ya uthamini ya 2016 inataka riba iongezwe, na uthamini ukipitisha miaka miwili bila kulipwa hurudiwa upya. Watu wengi hulipwa baada ya mwaka na hawadai riba kwa sababu hawajui tarehe ya kuidhinishwa. Idai hiyo tarehe.

Mkishindwa kuelewana na mnaoshindana naye ni halmashauri au taasisi ya serikali, huwezi kwenda mahakamani kesho: notisi ya siku 90 hutangulia, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye shauri. Mwanasheria ni vizuri awe wa kundi zima, gharama ni nafuu.

*Tangu Likong'o itengwe kwa ajili ya mtambo wa gesi, madalali hawalali. Nimenunua nusu eka kwa karatasi iliyogongwa mhuri wa mwenyekiti. Inatosha?*
— Mnunuzi, Lindi

Haitoshi. Kama ni ardhi ya kijiji, uuzaji unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na idhini ni muhtasari wa kikao, si mhuri wa mtu mmoja. Kama ni mtaa, mwenyekiti anaweza kushuhudia tu. Rudi na muuzaji, mwite mkewe au mumewe na majirani wa pande zote nne, pimeni, chukua idhini. Nenda pia ofisi ya ardhi ya manispaa ukaulize kama hapo pamepangwa kuwa nini. Tumeona nusu eka nzuri sana ambazo kwenye ramani ni soko.

Wakikudai "ushuru wa kijiji" wa asilimia fulani, omba muhtasari uliopitisha ushuru huo na stakabadhi. Mara nyingi vyote viwili havipo.

*Mji wetu unakua kuelekea ukingoni mwa uwanda, upande wa Shimo la Mungu. Wanapima viwanja mpaka kwenye mteremko, na korongo linazidi kula barabara. Sisi wakulima tunajua pale si pa kujenga, lakini hatuna lugha ya kitaalamu ya kusema. Tusemeje?*
— Kikundi cha wakulima, Newala

Semeni kwa namba. Hizi hapa namna za kuzipata.

Mteremko hupimwa kwa kamba ya mita 10, vijiti viwili na mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, ule mafundi ujenzi wanautumia kusawazishia msingi. Mmoja ashike kijiti cha juu, mwingine cha chini, kamba ianzie ardhini upande wa juu na ivutwe iwe sawa na usawa wa maji, kisha pima kutoka kamba hadi ardhini upande wa chini. Ukipata mita 1, mteremko ni asilimia 10. Mita 2, asilimia 20. Rudieni kila mita 10 kutoka juu hadi chini na kuandika. Kazi ya asubuhi moja inatoa jedwali ambalo mpangaji hawezi kulipuuza.

Ushauri wetu kwa udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde: hadi asilimia 10 jengeni kwa kuchunga maji, kati ya 10 na 20 viwanja viwe vikubwa, nyumba zikae kwa kufuata usawa, na kila mmoja awe na makinga maji, zaidi ya 20 pabaki mikorosho, miti au malisho. Kwa korongo lililokwisha kuchimbika, nyumba isikaribie chini ya mara mbili ya kina chake: korongo la mita 6, kaa mita 12, na zaidi kama linaendelea kula. Genge kubwa la ukingo wa uwanda halimo kwenye kanuni hiyo. Hapo dai mtaalamu wa miamba afike kabla ya bikoni ya kwanza.

Sababu ya korongo kukua mji unapofika ni maji, na yanahesabika. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 ikinyesha, linamwaga lita 5,000. Nyumba 40 mteremkoni ni lita 200,000 kwa mvua moja, ambazo zamani zilizama mchangani chini ya majani. Sasa zinakimbilia barabara. Na barabara ikiwa imechorwa moja kwa moja kushuka, kama zinavyochorwa ofisini na mtu anayependa mistari iliyonyooka, inakuwa korongo baada ya misimu michache. Kwa hiyo dai kubwa la kikundi chenu liwe moja: barabara zifuate usawa wa mlima, zikipanda kwa mshazari, na kila baada ya umbali fulani kuwe na mtaro wa kutoa maji pembeni kwenda mahali palipotengwa kwenye ramani. Mtaro usio na mwisho uliochorwa humwaga maji kwa mnyonge wa chini.

Majumbani, maji ya bati yaingie tangini. Newala maji husukumwa kutoka bondeni kwa mashine na hukatika, kwa hiyo tangi linalipa mara mbili. Shimo la kuzamisha maji ya ziada ni zuri mbali na ukingo. Karibu na ukingo ni hatari, kwa sababu udongo ulioshiba maji ni mzito na huteleza.

Kwa korongo lenyewe, msianze na vizuizi chini. Anzeni juu ya kichwa chake: geuzeni maji yasiingie. Kisha vizuizi vidogo. Mawe ni adimu uwandani, tumieni mifuko ya mchanga na nguzo za miti. Umbali kati yake hupatikana kwa kugawa kimo cha kizuizi kwa mteremko: kimo cha sentimita 80, mteremko wa asilimia 8, ni mita 10. Juu ya kizuizi katikati pawe chini kwa sentimita 30 kuliko pembeni ili maji yapite katikati, na kizuizi kizame kwenye kuta za korongo angalau nusu mita kila upande. Vizuizi vingi hufa hapo: vimejengwa juu sawasawa, maji yanazunguka pembeni, na korongo linapanuka kuliko lilivyokuwa. Kingo pandeni nyasi za vetiva, shina na shina sentimita 10 hadi 15, mwanzoni mwa mvua. Mbuzi wafungwe msimu wa kwanza.

Ukijenga upande wa vilima vya Lindi mjini, ambako mji umebanwa kati ya bahari na mlima, hesabu ya maji ni hiyohiyo, ila kumbuka na chini: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito.

*Nyumba yangu imewekwa X ya kijani, ya jirani X nyekundu. Tofauti?*
— Barabarani, Mikindani

Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 iliifanya mita 30. X nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya 22.5: huhesabiwa alivamia, halipwi. X ya kijani ni kwa aliyekutwa kwenye mita 7.5 zilizoongezwa, naye anastahili fidia. Pima mwenyewe kutoka katikati ya barabara kabla ya kukubali rangi. Na kama ushahidi wako unaonyesha ulikuwapo kabla barabara haijasogezwa, upeleke sasa, usisubiri tingatinga.

*Shamba ni la ukoo wetu, upande wa mama. Mjomba anataka jina lake pekee liandikwe kwenye fomu ya utambuzi wa wamiliki wa ardhi, "halafu tutagawana". Sisi ni dada watano. Tufanyeje?*
— Dada mkubwa, Masasi

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba kusimamia ardhi ya ukoo ni desturi ya siku nyingi, na huenda nia yake ni njema. Lakini fomu haijui desturi. Jina likiwa moja, hati inatoka kwa mmoja, na akifariki inaingia kwenye mirathi yake pamoja na watoto wake, ambao kwa hesabu ya upande wa mama si wa ukoo wenu.

Itisheni kikao cha ukoo kabla ya timu ya utambuzi kufika kitongojini. Andikeni muhtasari wenye majina ya wanufaika wote na sehemu zao, mjomba asaini, mtendaji ashuhudie. Kisha fomu ijazwe kama umiliki wa pamoja wenye hisa zilizotajwa, au mlikate shamba na kila mmoja apimiwe lake. Kukata kunafaa kama kila sehemu itakayobaki inatosha kiwanja na njia ya kuingilia. Mkibaki na vipande vyembamba vya mita nane, shirikianeni kwanza, mgawane viwanja baada ya kupima.

Akikataa, Sura 114 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Pelekeni pingamizi kwa kamati ya uhakiki wakati orodha ya wamiliki bado imebandikwa, maana muda huo ukishapita mnaingia Baraza la Ardhi. La kijiji na la kata husuluhisha tu. Anayetoa hukumu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko foleni ni ndefu.